Nyumba ya zamani Bel-Air: anzeni na setifika, ndipo mpande darini

Swali: Mimi na mume wangu tunapanga Katuba, hapa Lubumbashi, tuna watoto wanne. Komisionere (dalali) ametuonyesha nyumba ya zamani Bel-Air, ya wakati wa Wabelgiji: matofali ya kuchoma, paa la eterniti, vyumba vitatu, na boyeri (vyumba vya watumishi) nyuma yenye wapangaji. Imepakwa rangi mpya ndani na nje. Anayeuza ni mtoto mkubwa wa marehemu mwenye nyumba. Anasema setifika (cheti cha usajili) ipo, ila jina bado ni la baba. Komisionere anataka tutoe akonti (malipo ya kutangulia) wiki hii, la sivyo mwingine ataichukua. Mume wangu ameipenda, mimi naogopa. Tuangalie nini, na tuanzie wapi? (Mama mwalimu, Katuba)

Jibu: Mama mwalimu, akonti msitoe wiki hii. Hata kama huyo mnunuzi mwingine yupo kweli, mwacheni atangulie.

Mume wako naye hajakosea kuipenda. Nyumba nyingi za enzi hiyo Lubumbashi zina kuta nene kuliko za bloki tunazojenga leo, dari iko juu, hewa inapita, na parseli (kiwanja) ni pana. Tatizo ni kwamba nyumba kama hiyo inaweza kuwa na kasoro za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Kasoro za mwili wake, yaani mchwa, ufa, paa, mabomba, zina bei: fundi anakuja, anapima, anaandika devi (makadirio ya gharama), nanyi mnakata kiasi hicho kwenye bei ya nyumba. Kasoro za karatasi hazina bei. Hakuna fundi wa kuziba pengo la mrithi ambaye hakutia sahihi. Kwa hiyo tunaanza na karatasi, na kama karatasi hazisimami, msipoteze hata faranga ya taksi kwenda kupima kuta.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 (namba 73-021, iliyorekebishwa 1980) inasema ardhi yote ni mali ya Leta, yaani dola. Mnachonunua ni haki ya kuitumia parseli pamoja na jengo lililo juu yake, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu: cheti cha usajili, ambacho sote tunakiita setifika. Kitabu cha wapangaji cha zamani, fishi ya parseli, karatasi ya komini, barua ya chefu wa kartie, risiti ya mauzo kati ya watu wawili: zote hizo zinaweza kusaidia kueleza historia ya nyumba, lakini hakuna hata moja inayochukua nafasi ya setifika.

Ombeni fotokopi ya setifika, pande zote mbili. Akikataa kuwapa, mmeshapata jibu. Kwenye fotokopi someni vitu hivi: namba ya parseli, eneo lake kwa ari na sentiari (ari moja ni mita za mraba 100), jina la mwenye haki, aina ya haki, tarehe ya kutolewa, na maandishi yoyote ya rehani. Aina ya haki ni jambo ambalo wanunuzi wengi huliruka. Ikiwa ni haki ya kudumu, ambayo hupewa Mkongomani mtu binafsi, haina mwisho. Ikiwa ni ya kawaida, ina muda, na muda huo hauzidi miaka 25 kabla ya kuombwa upya. Mzee aliyepata setifika ya miaka 25 mwaka 1992 na akafariki bila kuiomba upya, ameacha karatasi ambayo muda wake uliisha 2017. Setifika changa mno nayo iwaamshe: ndani ya miaka 2 ya kwanza mtu anaweza bado kuipinga mahakamani, na baada ya hapo ndipo inakuwa ngumu kuiangusha. Na kama mtaletewa karatasi ya kabla ya 1973, ya wakati Lubumbashi ikiitwa Élisabethville, jueni sheria ilidai haki hizo za zamani zigeuzwe ziwe za mfumo mpya. Isomwe na konsevateri, afisa anayesajili hati hizi, msiisome peke yenu.

Halafu fotokopi hiyo mwipeleke wenyewe ofisini kwa konsevateri wa hati za nyumba na ardhi. Jiji limegawanywa, hivyo ulizeni kwanza ni ofisi ipi inayoshika Bel-Air. Msimtume komisionere. Setifika ya asili inabaki kwenye kitabu cha ofisi, na ya mwenye nyumba ni nakala. Mnachotaka ni kulinganisha hizo mbili na kupewa jibu la maandishi: nani ameandikwa, kuna rehani ya benki au hapana, kuna pingamizi la mtu au hapana. Lipeni ada, chukueni risiti.

Toka hapo nendeni Kadasta, ofisi ya upimaji wa ardhi, muombe mpimaji aje kwenye parseli na kuonyesha alama za mpaka. Kwa nyumba za zamani hatua hii ina uzito wake. Parseli za Wabelgiji zilikuwa kubwa, na katika miaka migumu familia nyingi zilikata kipande nyuma au pembeni zikauza. Mara nyingi kipande kimeuzwa, ukuta umejengwa, lakini setifika bado inataja eneo lote. Mnaweza kulipia ari 12 mkakuta ukuta unawapa 8. Kinyume chake kipo pia: mnauziwa nyumba ya mbele huku boyeri na njia yake vimeshaahidiwa mtu mwingine. Pimeni kwa tepu, linganisheni na kroki (mchoro wa parseli), na mkiona tofauti, mauzo yasubiri mpaka mgawanyo uandikwe na kila kipande kipate namba yake.

Sasa huyu mtoto mkubwa. Kwa Sheria ya Familia (ya 1987, iliyorekebishwa 2016), ukubwa wake unaweza kumfanya msimamizi wa urithi. Haumfanyi mwenye nyumba. Watoto wote wa marehemu ni warithi, wa ndani ya ndoa na wa nje aliowatambua, wa kike sawa na wa kiume. Mjane, kama yupo, ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokuwa wakiishi, hata kama jina lake haliko popote. Ulizeni waziwazi: mama yuko wapi? Marehemu alikuwa na familia nyingine, na watoto wangapi? Kuna mtoto aliye chini ya miaka 18? Majibu msiyachukue kwa muuzaji pekee. Jirani wa miaka mingi, na mama anayeuza makala pale kona, wanajua zaidi.

Karatasi mnazotakiwa kuona ni hati ya kifo, karatasi ya mahakama inayotaja warithi na msimamizi, na kikao cha familia kilichoandikwa, chenye sahihi za wote. Walioko Kinshasa, Kolwezi au Ulaya walete prokirasio (hati ya uwakilishi) iliyothibitishwa na noteri au ubalozi. Sauti ya WhatsApp si sahihi. Njia iliyo salama kuliko zote ni kudai familia ihamishe setifika kwanza kutoka jina la baba kwenda majina ya warithi, ndipo iwauzie ninyi. Watasema inachukua muda na pesa. Ni kweli. Mnaweza kukubaliana kwamba gharama hizo zikatwe kwenye bei, zilipwe moja kwa moja ofisini kwa risiti. Familia inayokataa hata hilo kwa kawaida ina ndugu mmoja ambaye hamjaonyeshwa.

Kama mkiachana na nyumba hii na kuendelea kutafuta, mtakutana na aina mbili nyingine zinazohitaji jicho. Kuna nyumba za kampuni, za Gécamines (migodi) au SNCC (reli), ambamo mstaafu ameishi miaka 30 na moyoni mwake ni zake, hasa akiwa anadai malimbikizo ya mshahara. Kuishi humo si kumilikishwa: ombeni hati ya kampuni iliyomkabidhi nyumba kwa jina na namba, kisha setifika iliyotokana nayo. Na kuna nyumba ambazo Wazungu waliziacha, au zilizochukuliwa baada ya hatua za tarehe 30 Novemba 1973 za kuwanyang'anya wageni mali, zikaingia mikononi mwa Leta. Nyumba ya Leta haiuzwi na afisa anayelala ndani yake. Lazima kwanza iondolewe kwa maandishi kwenye mali ya dola. Katika kundi hili ushauri wangu ni kuwa na wakili tangu siku ya kwanza, au kuacha.

Karatasi zikisimama, sasa twende kwenye mwili wa nyumba. Nendeni mara tatu: mchana wa jua, usiku, na mara moja mvua ikinyesha au ikiwa imekatika sasa hivi. Mvua zetu zinashika kuanzia Novemba hadi Machi, na nyumba nyingi hupakwa rangi kati ya Mei na Septemba kwa sababu wakati huo dari haiwezi kuwasaliti. Mkiwa kiangazi, dai mpira wa maji au bidoni kumi, mtu amwage taratibu juu ya paa huku mwingine yuko darini na tochi.

Rangi mpya pande zote ndiyo iliyonifanya nisome swali lako mara mbili. Pitisheni kiganja ukutani kutoka sakafuni hadi kiunoni. Mkihisi ubaridi, unga mweupe wa chumvi, au rangi inayovimba kama malengelenge, unyevu unapanda kutoka ardhini. Bandikeni kipande cha plastiki cha sentimita 50 kwa 50 ukutani, gundi ya karatasi ikizunguka kingo zote, kiachwe saa 24. Maji yakijikusanya upande wa ukuta, yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa jikoni na wa watu. Sababu ya kawaida ni ndogo: kwa miaka 60 udongo wa uani umepanda kuliko sakafu, na mifereji ya paa imeoza, kwa hiyo maji yanadondoka mguuni mwa ukuta. Chimbeni udongo ushuke angalau sentimita 15 chini ya sakafu, jengeni trotwari (njia ya simenti kandokando ya ukuta) ya sentimita 80 inayoinamia nje sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, rudisheni mifereji. Kosa wanalofanya mafundi wengi ni kupiga lipu ngumu ya simenti juu ya tofali lenye maji. Maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na mwaka wa pili lipu inaanguka yote.

Kwaruzeni kwa ufunguo kiungo kati ya tofali na tofali mahali ambapo lipu imebanduka. Kikitoka kirahisi kama udongo, tofali limejengwa kwa udongo. Nyumba inaweza kusimama hivyo muda mrefu ikikaa kavu, lakini msifikirie kamwe kuongeza etaji (ghorofa) juu yake, wala kubomoa ukuta wa kati ili mpate saluni (sebule) kubwa.

Nyufa zina lugha yake. Ufa mwembamba kama unywele, usiozidi milimita 1, mara nyingi ni wa lipu tu. Wa milimita 1 hadi 5 unazibwa, ila tafuteni chanzo. Ukizidi 5, na hasa ukipanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya tofali kutoka kona ya dirisha, msingi umesogea. Tazameni milango: iliyorandwa kimshazari upande wa juu inasema fremu ililala muda mrefu, hata kama ufa wenyewe umefichwa na rangi. Chukueni nivo ya maji, ule mpira mwembamba unaong'aa wa fundi, mpime pembe nne za kila chumba. Tofauti inayozidi sentimita 2 kwenye chumba cha mita 4 inahitaji maelezo. Mkiwa na miezi, bandikeni kipande cha kioo chembamba kwa plasta kikipita juu ya ufa, mwandike tarehe. Kioo kikipasuka, nyumba bado inatembea. Kikibaki kizima mvua zote na kiangazi, ufa ni wa zamani na umelala.

Hapa Lubumbashi chanzo cha nyufa hizo mara nyingi kiko kwenye kichuguu. Nchi hii imejaa vichuguu vikubwa, vingine vya mita 5 na zaidi, na jiji lilijengwa juu yake: vilisawazishwa, nyumba zikapandishwa. Udongo wa kichuguu ni mfinyanzi mzito, ndiyo maana wafyatua matofali wanaupenda. Lakini mfinyanzi huo huvimba ukilowa na hunywea ukikauka, wakati udongo mwekundu ulio kando yake hautikisiki kiasi hicho. Nyumba ambayo nusu yake imekaa juu ya kichuguu na nusu juu ya udongo mwekundu itapasuka kwenye mpaka wa hivyo viwili, kila mwaka, hata mkiiziba mara ngapi. Zungukeni uani mtafute doa pana la udongo wa kijivu au wa rangi ya hafifu, unaopasuka vipandevipande kiangazi na kunata mvua ikinyesha. Ulizeni majirani kama parseli zao zilikuwa na kichuguu. Dawa ni kuweka unyevu uwe wa namna moja: trotwari pana, maji ya paa yapelekwe mbali, mti mkubwa usiwe karibu na ukuta huo. Kuingiza msingi mpya chini ya ukuta kunawezekana, lakini gharama yake hula faida yote ya kununua nyumba ya zamani.

Kichuguu kikiondolewa juu, mchwa hawaondoki chini. Chukueni bisibisi na tochi. Gongeni fremu za milango kuanzia sakafuni, mbao za pembeni mwa sakafu, makabati ya ukutani. Panapolia utupu, chomeni. Ncha ikizama bila nguvu, ndani ni unga. Tafuteni vijia vya udongo, upana wa penseli, vinavyopanda ukutani nyuma ya kabati, ndani ya boyeri, na kwenye nguzo za baraza. Kisha pandeni darini, maana hapo ndipo pesa zilipo. Angalieni ncha za miti ya paa pale inapoingia ukutani. Mti unaweza kuwa mzima katikati na kuwa ganda tupu sentimita 30 za mwisho, na hizo ndizo zinazobeba mzigo.

Dawa inafanya kazi ikiwekwa ipasavyo. Nje, mfereji wa sentimita 15 kwa upana na 30 kwa kina kuzunguka msingi. Maji yenye dawa yaliyochanganywa kama kibandiko kinavyosema, lita 5 kwa kila mita, na udongo unaorudishwa nao ulowe. Ndani, matundu ya milimita 12 kwenye sakafu kando ya ukuta, kila sentimita 30, yajazwe dawa na kuzibwa. Ulizeni jina la dawa: fiproni au imidaklopridi ni za kawaida. Fundi akiwaletea chupa isiyo na kibandiko, mkataeni, kwa sababu sumu za zamani kama dieldrini zimekatazwa duniani na zinakaa udongoni miaka. Oili chafu ya gari nayo inaharibu udongo na haimalizi koloni. Na kama kuna kisima umbali mdogo, chini ya mita 15, msimwage dawa ardhini upande huo kabisa. Miti mibovu badilisheni kwa mbao za mti wa mulombwa, kiini chake chekundu, sio ubao mweupe wa nje. Unastahimili kuliko eukalipti.

Paa lenu la eterniti linahitaji utulivu. Karatasi za fibrosimenti za miaka hiyo kwa kawaida zina asibesto, na dari bapa za kijivu ndani ya nyumba zinaweza kuwa nayo pia. Ikiwa nzima, haijapasuka, haisumbuliwi, hatari yake ni ndogo, nanyi mnaweza kuishi chini yake. Hatari ni vumbi: nyuzi zake zikiingia mapafuni huleta saratani baada ya miongo. Basi msiikate kwa msumeno, msiitoboe, msiisugue ukungu kwa brashi ya chuma, na watoto wasicheze na vipande vyake. Tazameni pia kama vipande vilivyovunjika vimetandikwa uani kama njia, kwani ni desturi mbaya iliyoenea. Siku ya kuitoa, ilowesheni maji, fungueni bolti badala ya kupiga nyundo, shusheni karatasi zima zima kwa mikono, zifungwe kwenye plastiki nene na kuzikwa mahali ambapo hapatachimbwa, na mafundi wavae barakoa za vumbi za kweli. Asipande mtu juu yake bila mbao ndefu zilizolala juu ya nguzo za paa: eterniti ya miaka 60 huvunjika ghafla chini ya mguu.

Mkiweka manjanja (mabati) badala yake, kuna jambo ambalo mafundi husahau. Fibrosimenti ni nzito, takriban kilo 15 kwa mita ya mraba au zaidi, na uzito huo ndio ulioshikilia paa wakati wa dhoruba. Manjanja ya BG 28 (BG ni kipimo cha unene) haifiki theluthi ya uzito huo. Paa jepesi likiwekwa juu ya miti ambayo haijafungwa, upepo wa mvua ya kwanza unalibeba. Kila mguu wa paa ufungwe kwa chuma kinachoshuka ndani ya ukuta safu 4 za matofali. BG ndogo ndiyo nene: 28 kwa nyumba ya kukaa, 32 iacheni kwa kibanda.

Umeme nitaupitia haraka. Fungueni soketi moja (umeme ukiwa umezimwa). Mkikuta waya za kitambaa au mpira unaomomonyoka, nyumba nzima inavutwa upya: milimita 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 6 kwa jiko, swichi ya usalama ya miliampia 30 mlangoni, na fimbo ya ardhi ya shaba. Hiyo fimbo msiiruke, kwani Katanga inapigwa radi sana. Hakikisheni pia waya zipo: katika nyumba zilizokaa tupu shaba huvutwa na kuuzwa, swichi zikabaki ukutani bila kitu nyuma yake.

Mabomba ya chuma ya zamani huziba kwa kutu kutoka ndani. Jazeni bidoni ya lita 20 kwenye robine (bomba) iliyo karibu na mita ya REGIDESO, shirika la maji, mhesabu dakika, kisha jazeni nyingine jikoni. Ya kwanza ikijaa haraka na ya pili ikachukua muda mara tatu, mabomba ya ndani yamekwisha. Zote mbili zikisuasua, tatizo ni la mtaa na mtahitaji tangi au kisima. Kisima kikiwepo, kiwe mbali na fosi septiki (shimo la maji ya choo), yenu na ya jirani: mita 15 ndicho kiwango cha chini, 30 ni afadhali. Fungueni kifuniko cha fosi kabla ya kununua. Isiyofunguka, isiyojulikana iko wapi, au iliyojaa hadi mdomoni kiangazi, andikeni kwenye hesabu kwamba mtachimba nyingine. SNEL (umeme) na REGIDESO zote zitoe karatasi ya kwamba hakuna deni, na DRHKAT, ofisi ya kodi ya jimbo, risiti za kodi ya nyumba, kabla ya pesa kuhama.

Mna watoto, kwa hiyo naongeza la udongo. Tanuru la shaba la Lubumbashi lilianza 1911, na kwa miongo moshi wake ulipelekwa na upepo upande wa kaskazini-magharibi mwa bomba. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo wa upande huo, pamoja na Penga Penga, wakakuta shaba, zinki, risasi, kadimi na aseniki kwa wingi. Nyumba mtakayonunua ikiwa upande huo, msipande lengalenga (mchicha) moja kwa moja kwenye udongo wa uani. Jengeni vitalu vya juu vyenye udongo uliotoka mbali, funikeni sehemu tupu kwa nyasi au simenti, na sakafu zipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya fagio kavu. Rangi za zamani za milango na madirisha zinaweza kuwa na risasi, popote nyumba ilipo. Zilowesheni kabla ya kuzikwaruza, na watoto wasiwepo.

Mkimaliza ukaguzi, itisheni devi kwa mafundi watatu ambao hawajuani, kila mmoja peke yake, na wala asiwe fundi wa komisionere. Chukueni ya katikati, mwende nayo kwa familia na picha mkononi. Msiseme nyumba ni mbaya. Semeni paa ni kiasi hiki, mchwa kiasi hiki, waya kiasi hiki. Kisha kwa kila dola 10,000 ya bei mliyokubaliana, muwe na 2,000 pembeni ambazo hamzigusi, kwa sababu ukuta wa zamani ukifunguliwa hutoa kitu ambacho devi haikukiona. Mkiwa hamna hizo za pembeni, nyumba hiyo ni ghali kwenu hata kama bei yake ni nzuri.

Malipo yapite benki. Akonti iwe ndogo, na karatasi yake iseme inarudi yote ikiwa konsevateri atakuta rehani, pingamizi au mrithi aliyeachwa. Hati ya mauzo itiwe sahihi mbele ya noteri na warithi wote, nanyi wawili. Sehemu kubwa ya pesa ishikiliwe mpaka setifika itoke kwa jina lenu, na mwandikishe majina yote mawili, lako na la mume wako. Asilimia ya komisionere iandikwe mapema na ilipwe siku hiyo ya mwisho, si kabla.

Wapangaji wa boyeri wamebaki. Kwa sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015, kununua nyumba hakuwafukuzi: mnarithi mkataba wao, na notisi kwa nyumba ya kukaa ni miezi 3. Zungumzeni nao kabla ya noteri. Waulizeni wamelipa garanti (dhamana ya pango) ya miezi mingapi na kwa nani, kwa maana siku watakapohama watawadai ninyi. Kiasi hicho kitajwe kwenye hati na kikatwe kwenye bei. Siku ya kupokea funguo, someni mita za umeme na maji pamoja na muuzaji, namba ziandikwe, wote mtie sahihi, na vitasa vya milango ya nje vibadilishwe jioni hiyohiyo.